Sumuni ya Herufi M

Herufi moja ya rangi nyeupe juu ya sanduku la bati ilikuwa sumuni, na kwa sumuni hiyo baba yangu alimnyima mama mkwe wake jina. Hiyo ndiyo gharama. Ukitaka niongeze mbuzi nitaongeza, na mbuzi hawakuwa wachache, lakini bei ya kwanza ilikuwa hiyo, senti hamsini. Na hata hizo, kama utakavyoona, alikuja kuzilipa.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na Kitui mjini. Sanduku alilinunua siku za chuo cha ualimu. Fundi wa rangi, ambaye alitoza kwa herufi, alimwandikia juu ya kifuniko M na nukta, kisha jina la babu, ambalo ndilo sisi sote tunalitumia mwishoni. M ilikuwa ya jina la baba mwenyewe. Alipooa akapiga hesabu. Watoto watazaliwa, watakwenda bweni, watahitaji sanduku. Wote wakianza na M, hakuna fundi wa kulipwa tena. Aliwaeleza walimu wenzake wakati wa chai, wakacheka.

"Chekeni tu," akawaambia. "Nyinyi mtakuwa mnapaka rangi mpaka mzeeke."

Kwetu Ukambani, jina la mtoto haliokotwi njiani. Mvulana wa kwanza ni wa baba ya baba, msichana wa kwanza ni wa mama ya baba, halafu mvulana wa pili na msichana wa pili wanakwenda upande wa mama. Mpaka hapo mwalimu alikuwa na bahati ya ajabu: baba yake M, mama yake M, hata baba mkwe wake M. Aliyeharibu hesabu ni mtu mmoja tu, mama ya mama yangu, mwanamke wa Nuu, ambaye jina lake lilianza na N. Msichana wa pili nilikuwa mimi.

Habari za siku hiyo nilizipata kwa shangazi, dada ya baba, mtu ambaye hajawahi kunong'ona maishani. Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Siku ya tatu baada ya kuzaliwa kwangu akina mama walijaa nyumbani kunipa jina, na nyanya alifika kutoka Nuu akivuta mbuzi jike kwa kamba, mbuzi mchanga ambaye hajazaa, zawadi ya mtoto atakayemrithi jina. Akamfunga nje, akaingia. Baba alikuwa uani. Akamwita shangazi kando.

"Mwambie mama mkwe tunamheshimu sana. Lakini mtoto ni M."

"M ya nani?" shangazi akauliza.

"Ya sanduku."

Jina lenyewe alilitoa kwa mwanafunzi wake mmoja, msichana aliyekuwa hodari wa hesabu. Nimezunguka na jina la mtoto wa watu mpaka leo.

Hapa lazima mgeni aelewe jambo moja, maana hasira yangu yote inakaa hapo. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawasalimiani kwa mkono, hawakai chumba kimoja, hawabishani kamwe. Tunaita nthoni, heshima ya kuoneana haya. Kwa hiyo nyanya hangeweza kutoka nje akamwambia, "Mwalimu, umenidhulumu." Hata akitaka, kinywa kilikuwa kimefungwa tangu siku ya mahari. Alilofanya ni kujifunika leso usoni, akapita mbali na baba, akamfungua mbuzi wake.

Shangazi akamkimbilia. "Mama! Mbona unarudi na mbuzi?"

"Mbuzi ni wa mwenye jina," nyanya akasema. "Mwenye jina hajazaliwa."

Akashika njia ya Nuu. Baba alipomwona mbuzi anaondoka aliuliza kama ana ugonjwa.

Baada yangu walizaliwa wasichana wengine wawili. Kila mara nyanya alikuja na mbuzi, mtoto wa yule wa kwanza halafu mjukuu wake, na kila mara baba alikuwa na M nyingine mfukoni. Kila mara mbuzi alirudi Nuu kwa miguu yake. Lile kundi likaongezeka. Majirani wa nyanya wakalipa jina: mbuzi wa ambaye hajazaliwa. Nilipokwenda huko wakati wa likizo nilitumwa kuwachunga. Fikiria hilo kwanza. Nachunga mbuzi wangu kama kibarua, na jioni nakunywa maziwa yao kama mgeni.

Nyanya hakunichukia. Alinipikia, alinisuka, alinilaza ubavuni pake. Lakini lile jina la mwanafunzi wa hesabu halikuwahi kupita midomoni mwake. "Wewe, njoo ule." "Wewe, umefunga zizi?" Nilikuwa Wewe mpaka alipokufa.

Na mama yangu je? Mwanamke wa kwetu akimpa binti jina la mama yake, humwita binti huyo mwaitu, yaani mama yangu. Ni starehe ndogo tu, haina bei. Umeolewa mbali, mama yako yuko Nuu, lakini ukiwa jikoni unaweza kusema, "Mwaitu, niletee chumvi," na mama yako anakuletea chumvi. Mama alijisahau mara moja. Nilikuwa mtoto wa darasa la pili hivi, nimebeba kuni, akasema, "Weka hapo, mwaitu." Baba alikuwa anasahihisha madaftari mezani. Hakuinua hata kichwa.

"Nani huyo unamwita mama?"

"Nilijisahau," mama akasema.

Hakujisahau tena.

Sasa turudi kwa sanduku, maana mimi ni mfanyabiashara na napenda kuona faida ya mtu. Kaka yangu alikwenda nalo sekondari; dada mkubwa hakwenda bweni. Alipokuwa kidato cha tatu, mimi nikaitwa kidato cha kwanza. Sanduku ni moja, mabweni ni mawili. Baba, mwalimu wa hesabu, hakuwa amefikiria kwamba watoto wawili wanaweza kuwa shuleni mwaka mmoja! Ikabidi aninunulie sanduku jipya, na fundi akaitwa kuandika M upya, na wakati huo bei ya herufi ilikuwa imepanda. Nilisimama hapo nikitazama brashi. M ikakauka vizuri sana. N ingekauka vizuri vile vile.

Nyanya alikufa mwaka mmoja wa ukame, katika miaka ya themanini. Nilikuwa nimeolewa Makueni na nimeshaanza biashara yangu ya mbuzi: nanunua Tseikuru, kule wenyewe wanauza bila haraka na kukuangalia viatu kabla ya kutaja bei, halafu nauza huku kwetu. Kwa hiyo nilipofika mazishini Nuu niliona lile kundi kwa macho ya sokoni. Wanyama safi. Baba pia aliona. Tulipokwisha kuzika, alimwita mjomba, kaka ya mama, kando ya zizi.

"Mbuzi hawa nasikia ni wa binti yangu."

"Yupi?"

"Wa pili. Kwa desturi, ni wake."

"Desturi!" Mjomba alicheka mpaka akakohoa. "Mwalimu, leo umeijua desturi? Haya basi. Mwite binti yako kwa jina la mama yangu, hapa hapa, watu wasikie. Uondoke na wote, hata beberu."

Nilikuwa karibu, nimeegemea mlango wa zizi. Mimi ambaye sijawahi kungoja bei ya mtu, nilingoja. Neno moja tu. Mama naye alikuwa amesimama na wanawake, ameacha kulia ili asikie.

Baba akakuna kidevu. "Vyeti vyake vyote vimeandikwa M," akasema. "Tufanye nusu. Nusu ya mbuzi."

"Nusu ya jina ni ipi?" mjomba akauliza.

Watu walicheka. Kwenye kaburi bichi, watu walicheka. Mama akageuka akaenda kuosha sufuria. Mimi nilipanda gari la kurudi Makueni bila kumuaga baba, na nimejadiliana na wezi, na madalali, na polisi wa vizuizini, lakini sijawahi kuona mtu akishusha bei ya mama mkwe wake juu ya udongo ambao haujakauka.

Utaniambia nimpe jina mmoja wa binti zangu. Nimeambiwa hivyo na wengi, na wote ni watu wema. Haiwezekani. Binti zangu wana nyanya zao wa kurithi. Zamu ya jina hili ilikuwa kwangu, na nikijiita mwenyewe sokoni litakuwa jina la utani. Lazima litoke kinywani mwa baba, Nuu, mbele ya mjomba. Mbuzi wala siwataki. Ukame ulichukua wengi, na waliobaki wakae kwa mjomba. Nataka jina, tena nalitaka sasa, kwa sababu mama anazeeka na masikio yake yanafifia.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa baba Kitui. Amestaafu, anakaa kibarazani na redio. Mama alikuwa pembeni anaambua mbaazi. Nikamwambia nauli ya Nuu nitalipa mimi, kwenda na kurudi, chakula cha njiani mimi, na mbuzi wa kumpoza mjomba natoa kwangu. Kazi yake ni neno moja.

"Nyanya yako hakuwahi kulalamika," baba akasema. "Hata siku moja."

"Angelalamikaje? Ulikuwa mkwe wake! Alikuwa anajifunika uso ukipita!"

"Basi angetuma mtu."

"Alituma mbuzi, baba. Mara tatu."

Akapunguza redio, jambo ambalo hafanyi ila umemgusa. Halafu akacheka kidogo, kile kicheko cha darasani. "Mwanangu, mtu mzima kama wewe. Umetoka Makueni kuja kunisumbua kwa herufi moja tu?"

"Mnasema nini?" mama akauliza. "Semeni kwa sauti."

Baba akaongeza redio. Niliondoka na hasira hata chai sikunywa, na nimeibeba Tseikuru na kurudi, na jibu langu ni hili, naliandika hapa kwa sababu kibarazani redio inanishinda. Baba, kama kweli ni herufi moja tu, basi si deni kubwa. Nilipe. Vaa koti, twende Nuu, uiseme mama akiwa bado anasikia.