Mama Ataamka Akitazama Wapi

Baba yangu alikuwa mchimba makaburi wa kanisa letu, na watu walimwita Mzee Mashariki. Jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kila msiba ulipofika makaburini, waimbaji wakiwa bado wanajipanga na wafiwa wanatafutiwa viti, yeye alikuwa na swali moja tu: miguu ya marehemu iko upande gani? Ikiwa mashariki, alinyamaza. Ikiwa magharibi, alisema, "Geuzeni," na jeneza liligeuzwa, hata kama ndani yake amelala bosi wa mabosi.

Sababu yake ilikuwa imani, na aliing'ang'ania. Alifundishwa tangu darasa la ubatizo kwamba mtu aliyekufa katika Bwana amelala tu. Siku moja parapanda italia, makaburi yatafunguka, na Bwana atakuja akitokea upande wa mashariki. Basi mtu alazwe kichwa magharibi na miguu mashariki, ili akiinuka awe anamtazama Bwana wake usoni. Kumpa Bwana mgongo siku kama hiyo, kwa baba, lilikuwa jambo la aibu lisiloelezeka.

Mimi ni binti yake wa kwanza. Nasuka nywele kwenye chumba cha mbele cha nyumba yangu, na subira sikujaliwa. Nilimwambia mara nyingi kwamba Mungu aliyeumba jua hawezi kushindwa kumgeuza mtu mmoja. Alinijibu kwamba Mungu ana kazi zake na yeye ana yake. Nikaacha, maana ukibishana na baba utakayechoka ni wewe.

Mama alimcheka waziwazi. "Mimi nitageuka mwenyewe, baba watoto, usihangaike," alimwambia, na sote tukaangua kicheko, kwa sababu kama kuna jambo mama hakuliweza duniani ni hilo. Mama hakujua njia. Akiingia dukani, akitoka anashika upande usio wake, tena kwa mwendo wa mtu mwenye uhakika. Zahanati hivyo hivyo, sokoni hivyo hivyo, hata kanisani akitokea mlango wa pembeni. Tulimtania mpaka akatununia. Baba hakumtania. Yeye alimsindikiza, kisha akasimama nje, ng'ambo ya barabara, akiuelekea mlango, ili mama akitoka mtu wa kwanza kumwona awe yeye. Halafu anavuka, anamshika mabega, anamgeuza, wanakwenda zao. Niliyaona hayo tangu utotoni na sikuyatilia maanani hata kidogo.

Mama alifariki msimu wa mvua, ghafla, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa anaanua nguo. Baba aliposikia habari za kaburi alichukua koleo lake akatoka. Mchungaji akamkuta mlangoni, akamwondolea lile koleo mkononi taratibu.

"Leo wewe ni mfiwa, mzee wangu," akamwambia. "Utakaa kwenye kiti kama wafiwa wengine."

Kaburi likachimbwa na Kijiti, msaidizi wa baba wa miaka mingi, mtu mwembamba asiyefungua mdomo mpaka aulizwe. Na alilichimba vizuri, sina la kumlaumu.

Tatizo lilikuwa tope. Makaburi yetu yana geti la juu, upande wa magharibi, na geti la chini, upande wa mashariki. Siku ile geti la juu halikupitika, gari la maiti likazunguka chini. Wadogo zangu na wakwe zetu wakalibeba jeneza, miguu ikiwa mbele kama kawaida, wakapanda nalo kuelekea magharibi. Anayetokea geti la chini lazima ageuzwe kabla ya kuteremshwa. Hilo kila mtu alilijua, au niseme ukweli, kila mtu alijua kwamba Mzee Mashariki atasema. Naye Mzee Mashariki alikuwa kwenye kiti, uso umezama katika kofia yake, analia kwa kwikwi. Kijiti alikuwa pembeni analia vilevile, maana chai ya mama aliinywa kuliko hata sisi watoto. Hakuna aliyesema "Geuzeni." Tukamteremsha mama, tukafukia, tukasimika msalaba upande wa magharibi kama misalaba yote.

Watu walipotawanyika, binti yangu akatoa simu. Alikuwa amerekodi mazishi kwa ajili ya ndugu walioshindwa kufika. Baba akaomba aone. Tukamsogezea kiti, tukijua anataka kumuaga mkewe mara nyingine.

"Rudisha nyuma," akasema. Mjukuu akarudisha. "Rudisha tena."

Akatazama mpaka pale jeneza linapoteremka. Akamrudishia mjukuu simu yake, akavua miwani.

"Mama yenu amelala kinyume," akasema.

Tangu hapo nyumba haikukalika. Baba alikuwa haligusi tonge. Alitaka mama afukuliwe, alazwe upya, basi. Mdogo wangu alimwambia watu watatuona tumechanganyikiwa. Mimi nilitumia ukali, kama kawaida yangu.

"Baba, jamani, mwache mama apumzike!"

"Apumzike, nani kamkataza? Mimi nazungumzia akiamka."

 Nilikwenda jikoni nikagonga masufuria.

Tukamwita mchungaji. Ni mtu mzima mwenye upole, ambaye hata ukimwambia upuuzi anakusikiliza mpaka mwisho. Akaketi karibu na baba na kumwuliza, "Mzee wangu, kuna waliozama majini. Kuna walioungua, hawakubaki hata mfupa. Unadhani hao hawatamwona Bwana?"

"Hao sikuwazika mimi, mchungaji."

"Unaogopa kwamba Bwana hatamwona mkeo?"

"Bwana atamwona, hilo sina shaka nalo. Naogopa yeye hatamwona Bwana. Mama watoto akitoka mahali hatazami nyuma. Anashika njia anakwenda. Unamjua."

Mchungaji alimjua. Alitaka kutabasamu, nikamwona anajizuia. Alimwambia kwamba anaamini kwa moyo wake wote kwamba mama yuko salama mikononi mwa Mungu tangu sasa, na kwamba siku ya ufufuo hakuna atakayepotea njia. Baba akaitikia amina, ila kwa sauti ya mtu ambaye shida yake iko palepale. Basi mchungaji akasema kibali cha kufukua kinaweza kuombwa serikalini, na kwamba yeye hatamzuia.

"Lakini wewe umeshafukua makaburi," akaongeza. "Unajua unachokutana nacho. Unataka mara ya mwisho kumwona mkeo iwe hiyo?"

Baba alijitazama viganja. 

Siku moja mchana nilikuwa na mteja kitini, kichwa nusu kimesukwa nusu kimesimama, Kijiti akanipigia simu. Kijiti! Mtu asiyeongea hata akikanyagwa.

"Dada, njoo. Mzee yuko kwa mama na koleo."

Nilimwacha mteja wangu na nywele zake nikatoka mbio, kanga inaning'inia. Njiani nilijisemea maneno yote nitakayomwambia baba, na mengine hayafai kuandikwa. Nilifika nikihema. Udongo wa mama haukuwa umeguswa. Msalaba tu ndio ulikuwa umehamishwa, sasa umesimama upande wa mashariki, pale kilipo kichwa chake kweli. Baba alikuwa upande wa pili, miguuni kwa mama, katikati ya kijia cha kupitishia toroli, anapigilia vigingi na kufunga kamba.

"Baba, unafanya nini?"

"Napima kwangu."

"Kwako si kule?" Nilimwonyesha nafasi aliyotengewa na kanisa, ubavuni kwa mama.

"Kule sipataki tena." Akanyoosha mgongo. "Nikilala kule, tukiinuka mimi natazama mashariki, yeye anatazama magharibi. Ataondoka zake kabla sijamshika. Lakini nikilala hapa, kichwa magharibi kama watu wote, mimi nitainuka nikimtazama yeye, na yeye atainuka akinitazama mimi. Akitoka, wa kwanza kumwona ni mimi."

"Halafu?"

"Halafu namshika mabega, namgeuza. Nitamwambia, yule pale, mama watoto, twende."

Nikaona barabara, na mlango wa duka, na baba amesimama ng'ambo akisubiri. Niliketi palepale kwenye udongo nikalia. Siku ya mazishi nilikuwa na shughuli za wageni, sikulia sawasawa. Siku hiyo nililia. Baba akaniacha, akaendelea na kamba yake.

Mchungaji alikubali. Kijia cha toroli kikahamishwa, na jioni hiyo baba akala ugali wake wote akaomba kuongezwa. Akarudi kazini, akaishi miaka mingine kadhaa akiwageuza wafu wa watu, nami sikumbishia tena. Alifariki usingizini, uso umetulia.

Na mvua, kana kwamba ilitumwa, ikanyesha. Gari likapitia geti la chini. Wachimbaji sasa walikuwa vijana wapya, na Kijiti tulikuwa tumemkalisha na wafiwa, maana naye alikuwa wa kwetu. Jeneza la baba likapanda kutoka mashariki, miguu mbele, waimbaji wakiimba. Likafika kwenye kamba za kuteremshia. Wabebaji wakaanza kuinama. Mimi nilikuwa kitini, leso usoni, na nilijua kuna mtu anapaswa kusema neno, nikamsubiri aseme. Ndipo nikakumbuka kwamba mtu huyo ndiye aliyebebwa.

Kuhusu mashariki sijui, mpaka leo. Kwamba wafu watafufuka naamini, siku nyingine kwa nguvu, siku nyingine kwa kujikokota. Lakini nilisimama, kiti kikaanguka nyuma yangu.

"Geuzeni!"

Wimbo ukakatika. Mdogo wangu, uzito wa baba ukiwa mikononi mwake, akanitazama kama mwenda wazimu.

"Geuzeni, nimesema! Mama hajui njia."

Wakamgeuza.