Thabai Kabla ya Sindano

Mume wangu Mbugua amepasua mbao Elburgon tangu nimjue, na kichwa chake ni kigumu kuliko gogo lolote aliloligusa. Goti lake la kulia limelika, mifupa inasagana. Mwezi uliopita lilimlegea ghafla akisukuma gogo. Akaponea chupuchupu: mkono wa shati ndio uliobaki kwenye meno ya msumeno. Joginder Singh, mwenye kiwanda, akamwambia hatagusa msumeno tena mpaka adungwe sindano ya goti. Kwa sasa azoe maranda.

"Mimi nizoe maranda?" Mbugua alirudia swali hilo mpaka nikachoka.

Tukashuka Nakuru. Daktari Neha alitueleza kwamba dawa haitarudisha goti la ujana, ila itatuliza maumivu kwa muda. Sindano ilikuwa tayari.

"Pandisha suruali, mzee."

Mbugua akasita. Nikaipandisha mwenyewe. Mungu wangu! Goti limejaa vipele, na pale alipojikuna panatoka usaha.

"Nilijichapa thabai kidogo," akanong'ona.

Thabai, majani yale ya kuwasha ambayo mama yake alikuwa akijichapia magoti. Eti alitaka kuamsha damu ili sindano ifanye kazi vizuri! Nilitamani kumchapa mimi.

Daktari akavua glavu. "Siwezi kudunga hapa. Sindano ikipita kwa hii ngozi itaingiza uchafu ndani ya joint, na unaweza kupoteza mguu. Kunywa dawa, ngozi ipone, halafu urudi."

Tuliporudi, langoni mwa kiwanda Mbugua akanivuta kando. "Mama Abby, Singh akiuliza, nimedungwa. Umesikia?"

Msumeno ulikuwa unanguruma. Joginder akaja, akampita Mbugua, akaniuliza mimi, "Mama Abby, amedungwa?"

Mbugua alikuwa ameshavaa aproni, anachechemea kuelekea msumenoni. Nilijua nikinyamaza tu, atafika.

"Hajadungwa!" nikapaza sauti. "Mpe ufagio!"

Wanaume wote wakageuka. Mbugua akanitazama kana kwamba nimemvua nguo sokoni.

Hadi leo hajanisemesha. Anazoa maranda, anarudi nyumbani, ananuna. Jioni namwekea chai na kuangalia vidole vyake vikizunguka kikombe, vyote kumi. Anune tu.