Bia ya Kopo na Jicho la Mama Mkwe

Nafundisha kemia katika sekondari moja hapa Korogwe, na nilipoletewa zawadi ya vifaa vya kutengenezea bia nyumbani nilijiona nimepewa kitu changu hasa. Aliyeleta ni rafiki niliyesoma naye chuo, sasa anaishi Ulaya. Kulikuwa na kopo kubwa la rojo ya shayiri, nyeusi na nzito kama asali ya porini, pakiti ndogo ya hamira, ndoo ya plastiki yenye bomba chini, na karatasi ya maelekezo. Mimi ni mtoto wa Handeni, na baba yangu ni mwalimu wa madrasa. Hajui kwamba nakunywa. Kwa hiyo kazi yote niliifanya ndani, madirisha nimefunga, mke wangu akinitazama.

Siku hizo mama yake alikuwa kwetu. Alishuka kutoka kijijini kwake Lutindi, milimani, kutibiwa miguu, tukampa chumba cha nyuma. Mama huyu alisomesha watoto watano kwa pombe ya miwa. Kanisa lilimtenga kwa ajili hiyo miaka mingi, hashiriki meza ya Bwana, na mtoto wa mwisho alipomaliza shule aliivunja mitungi yake kwa mkono wake, akatubu mbele ya usharika mzima, akarudishwa. Hayo mke wangu alinisimulia tulipokuwa wachumba. Niliyajua vizuri, na nataka hilo lieleweke.

Nilichemsha maji, nikayeyusha rojo na sukari, nikajaza ndoo. Maelekezo yalisema ipoe kabisa kabla ya kutia hamira. Mchana wa Korogwe haupozi kitu. Nikachoka kusubiri, nikaitia ikiwa bado na joto. Siku mbili ikatoa povu kivivu, siku ya nne ikatulia. Kipimo cha kioo kilichokuja na vifaa, cha kujua kama sukari imekwisha, nilikuwa nimekivunja nikikiosha. Nikaamua imeiva.

Jumamosi nikaalika walimu wenzangu wawili waje waone nikijaza chupa. Mama alikuwa anapita kwenda jikoni, akasimama, akanusa. Akaomba tone moja kiganjani, akalionja kwa ncha ya ulimi, akatema nje ya mlango.

"Baba," akaniambia taratibu, maana ndivyo anavyoniita mimi mkwewe, "haijaiva hii. Ina sukari bado. Hamira yako ilishtuka kwa joto, imelala tu. Itaamka. Ukiifungia sasa itakasirika."

Wenzangu wakanitazama. Niliona aibu kusahihishwa na bibi asiyemaliza darasa la nne mbele ya watu wanaoniita mtaalamu.

"Mama," nikasema, "hii si ile uliyokuwa unawalewesha wazee huko milimani. Hii ni sayansi. Au unataka uongezewe? Naona ulimi haujasahau."

Wakacheka, nami nikacheka nao. Mama akafuta kiganja kwenye kanga. "Samahani, baba," akasema, akaenda zake jikoni.

Kwa kumkomoa tu, sukari inayotiwa kwenye chupa ili bia ipate gesi niliizidisha mara mbili ya ilivyoandikwa. Nikabana vizibo, nikapanga kreti mbili chumbani kwake, kwa sababu ndicho chumba chenye ubaridi kidogo.

"Weka kwingine," mke wangu akasema. "Mama analala humo."

Nikamjibu kwamba mama yake amelala na pombe maisha yake yote.

Siku ya tisa, saa nane mchana, nilikuwa sebuleni nasahihisha mitihani. Nikasikia mlio kama wa tairi kupasuka, kisha mwingine, kisha mingi kwa pamoja. Mama alikuwa ameinama kuokota kandambili zake. Nilimkuta ameketi sakafuni katikati ya povu, ameziba jicho la kulia kwa mkono, damu ikipenya kati ya vidole. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Baba, usiingie pekupeku, kuna vioo."

Mke wangu alikuwa kazini Magoma, nikampeleka hospitali peke yangu. Daktari akauliza imekuwaje. Kwenye benchi nilimwona mwenye duka mmoja wa Handeni, anayeswali msikiti mmoja na baba yangu. Nikajibu kwa sauti ya kumfikia.

"Mama mkwe wangu anapika pombe, daktari. Tumemkataza, hasikii. Chupa zimempasukia."

Muuguzi aliyekuwa anamsafisha akasita. "Bibi, na umri huu bado unapika?"

Lile jicho lililobaki likanigeukia. Nilikuwa tayari kumbishia. Nilishapanga hata maneno ya kumbishia.

"Nimekoma, mwanangu," akamwambia muuguzi.

Jicho halikupona. Muuguzi yule kwao ni Lutindi, na habari ilifika kanisani kabla ya mgonjwa. Mama aliporudi kwake alitengwa upya. Mke wangu, aliyekuwa anajua kila kitu, alitaka kupanda akaseme ukweli. Mama akamkataza: "Ukimwaibisha mumeo, wanao wataitwa watoto wa nani?" Mke wangu akatii. Lakini tangu hapo anazungumza nami mambo ya chumvi na mkaa tu.

Baada ya miezi saba nilipanda Lutindi mwenyewe. Wazee wa kanisa wakanikalisha ofisini, nikawaambia yote: ndoo, sukari niliyozidisha, maneno niliyosema hospitalini. Walinisikiliza mpaka mwisho. Kisha mkubwa wao akasimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Wakwe kama wewe wameadimika," akasema. "Mwislamu, tena mwalimu, unajitwika kosa la mama mkwe wako ili arudishwe! Lakini hatuwezi kumrudisha kwa uongo, hata ukiwa uongo wa upendo."

Nikaapa. Kadiri nilivyoapa ndivyo walivyozidi kuguswa, mmoja akatoa leso akafuta machozi.

Nikaenda kwa mama. Alikuwa uani anamenya magimbi. Nikamweleza nilikotoka na walivyosema. Akageuza uso wote ili anipate kwa jicho zima.

"Wamekusifu?"

"Wamenisifu, mama."

Akacheka. Sijawahi kumsikia akicheka vile; alicheka mpaka akakohoa, kisu kikamponyoka.

"Basi nenda nyumbani, baba," akasema alipopata pumzi. "Huku umeshapendwa."

Akarudi kwenye magimbi yake. Kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, niliondoka bila kukaribishwa hata maji. Nilishuka kwa miguu hadi barabarani. Njiani watu walikuwa wamekwisha kusikia, wakawa wananipisha na kunisalimu kwa heshima kubwa.