Spika Ilisema Marehemu Amefika Nyumbani

"Kijiti amefika nyumbani."

Spika ilisema hivyo mchana kweupe, nikiwa nakunywa chai sebuleni. Kikombe kikanitoka mkononi.

Kijiti ni mdogo wangu. Tulikuwa tumeshamzika.

Msinicheke. Mimi ni fundi wa mitandao, kazi yangu ni nyaya na taa zinazopepesa, sina habari na mizimu. Lakini siku ile mzee mzima nilichungulia mlangoni.

Ngoja niwape mkasa wenyewe.

Mama yetu ni mtu wa wasiwasi. Mtoto akichelewa kidogo, yeye na dirisha, dirisha na yeye. Kwa hiyo niliwafungia pale nyumbani programu inayoangalia vifaa vilivyo kwenye waifai. Simu yako ikinasa tu, spika ndogo iliyo juu ya kabati inakutaja: fulani amefika nyumbani. Mama anasikia kutoka jikoni, anashusha pumzi.

Kijiti, tuliyemwita hivyo kwa wembamba wake, alikuwa anaijibu: "Nimefika na njaa."

Siku aliyofariki kwa ajali, mama alikaa jikoni akisubiri spika iseme. Haikusema.

Baada ya mazishi, baba alituita pembeni mimi na dada. Alisema presha ya mama iko juu, kwa hiyo jina la Kijiti lisitajwe tena mbele yake. Picha akaiondoa ukutani kwa mikono yake. Tukatii. Mezani tukawa tunaongelea mvua, majirani, chochote kile, ilimradi tusimguse yeye.

Sasa spika imemtaja, na mama yuko jikoni, amesikia.

Nikaanza kusaka tatizo. Simu ya marehemu ilikuwa kwenye droo yangu, kioo kimepasuka, haiwaki. Nikabadilisha nywila ya waifai, nikaiingiza upya kwenye vifaa vyetu vyote, nikidhani kuna jirani anatuibia. Wapi. Kesho yake akatajwa tena.

Dada akawa hataki kukaa sebuleni peke yake. Baba akanivuta koridoni, akasema nikishindwa kuirekebisha ataipasua kwa nyundo, maana inammaliza mama polepole.

Nilipotulia ndipo nikaona.

Kila kifaa kina anwani yake ya kudumu, kinatoka nayo kiwandani. Halafu ruta, kile kisanduku cha waifai, inakiazimisha namba ya muda. Siku ile ya kufunga programu, jina la Kijiti nililifunga kwenye hiyo namba ya kuazima. Simu yake ilipokufa, namba ikakaa bure, na ruta ikaiazimisha televisheni mpya ambayo shangazi alimletea mama imchangamshe.

Televisheni ikiwashwa, spika inasema Kijiti kaja. Basi, ni hilo tu.

Nikahamishia majina yetu kwenye anwani za kudumu. La Kijiti nikalifuta. Nikawasha televisheni, nikazima, nikawasha. Kimya. Baba akanipigapiga begani, na mimi nikajiona fundi kweli kweli.

Siku iliyofuata nilimkuta mama sebuleni na rimoti. Anawasha televisheni, anatega sikio kuelekea kabatini, anazima. Anawasha tena. Picha zinapita, yeye hata hazitazami.

Nikakaa karibu naye, nikamweleza taratibu, kama mtu anayeongea na mgonjwa, kwamba zile zilikuwa taarifa za uongo. Kwamba hakuwa yeye.

"Nilijua ni televisheni, mwanangu," akasema. "Nilishagundua zamani. Sijachanganyikiwa."

"Sasa mama, mbona ulikuwa unaiwasha?"

Akaiweka rimoti mapajani.

"Nyumba hii nzima hakuna anayemtaja mwanangu. Alikuwa anamtaja huyo wa juu ya kabati tu."

Nilikosa pa kuficha uso. Nikamwambia naweza kuirudisha kama ilivyokuwa, si kazi kubwa. Akatikisa kichwa.

"Mtaje wewe."

Jamani. Jina nililoliita tangu utotoni, kwa ugomvi na kwa mapenzi, likagoma kutoka. Nikafungua mdomo yakatoka machozi matupu.

Sauti ikatokea mlangoni. Baba alikuwa amesimama pale, sijui tangu saa ngapi, ameegemea ukuta.

"Kijiti," akasema. "Kijiti alikuwa anamaliza sukari, halafu anamsingizia dada yake."

Mama akacheka. Kisha akalia, kilio ambacho hakukilia hata siku ya mazishi, na baba akamwendea akamshika, naye analia. Kumbe alipotukataza, alikuwa anaiogopa presha yake mwenyewe pia. Moyo uliniuma, ndugu zangu, na hadi leo unauma.

Picha imerudi ukutani. Spika inaendelea kututaja tunapoingia, na kila ikimaliza, mama anaongeza mwenyewe kutoka jikoni: "Na Kijiti."

Kama kwenu kuna jina mnaliruka mkidhani mnamlinda mtu, muulizeni kwanza huyo mtu. Huenda anashinda peke yake akitafuta mahali pa kulisikia.

Wetu aliitwa Kijiti. Wako anaitwa nani? Mtaje hapo chini.