Papa wa Hatua ya Tano

Nilipaka maka peni nyeusi kwenye ncha za mapezi ya papa wa mama. Nimeanza na hilo ili nisionekane nakwepa.

Mama anauza samaki wakavu sokoni Mwembesongo. Papa huyo alifika kutoka pwani akiwa amepasuliwa, ametiwa chumvi, hana kichwa, lakini mapezi yote anayo, jambo la nadra, maana mapezi kwa kawaida hubaki kwa wanunuzi wa huko huko. Aliwekewa bibi mmoja wa milimani. Mjukuu wake alikuwa mwali, siku ya kumtoa ndani imekaribia, na bibi alitaka wageni wamwone papa mzima kabla hajaingia chunguni. Bibi huyu ndiye anayeagizia karibu kijiji chote. Akimkataa mama, wamemkataa wote.

Mimi nilimwazima papa huyo kwa siku moja. Mwalimu wa baiolojia alitaka kila mtu alete kiumbe, ataje spishi yake na makazi yake. Wenzangu walileta vinyonga na konokono. Mwongozo wa kutambua papa uliuliza: ncha za mapezi ni nyeusi? Ndiyo, nenda hatua ya tano. Hapana, nenda hatua ya tisa. Hatua ya tisa ilitaka kuhesabu meno. Papa wangu hakuwa na kichwa. Nikamsaidia kufika hatua ya tano.

Nikaandika: papa wa ncha nyeusi, makazi yake maji ya kina kifupi kwenye matumbawe. Mwalimu akanipa tisa juu ya kumi. Moja aliikata kwa sababu ya harufu.

Jioni nikamrudisha papa kwenye gunia, mapezi chini. Jumamosi bibi akateremka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu." Akamgeuza papa, akamtazama mama. "Mwanangu, huyu ameugua nini?"

"Hajaugua, mama," mama akasema, kisha naye akaona.

Nikaingilia kitaalamu. "Bibi, hao wapo. Ni wa ncha nyeusi. Wanaishi kwenye matumbawe."

"Wewe umewaona wapi, huko kwenu Kihonda kusiko na bahari?" Bibi akalisugua pezi kwa kidole chenye mate. Weusi haukufutika. Akalinusa. "Ananuka ofisi."

Mama aliniangalia, na pale mezani palikuwa na wateja wengine wawili walioacha kuchagua dagaa ili wasikilize. Nikajua nikikaa kimya, mpaka jioni mama ataitwa muuza papa wa kupakwa rangi.

"Nimempaka mimi," nikasema. "Mama hajui. Ilikuwa kazi ya shule."

Mama akachukua kisu, akakata ncha moja moja mbele ya bibi, akaongeza vipande viwili vya papa mwingine bila kuombwa. Bibi akamtazama papa wake aliyenyolewa.

"Namchukua," akasema. "Ila wageni wangu wakikojoa wino, nawaleta hapa hapa."

Nikambebea mpaka kwenye bodaboda. Niliporudi, zile ncha nyeusi zilikuwa zimepangwa mezani kwa mstari, na mama anafuta kisu.

"Mwalimu alikupa ngapi?"

"Tisa juu ya kumi."

"Hiyo moja iliyobaki," mama akasema, "nitakupa mimi nyumbani."