Salamu Bila Magoti

Kunegunda alipoolewa kijijini Maposeni aliwasalimia wakwe zake kwa kupiga magoti, kama alivyofundishwa kwao. Mwaka wa pili akaacha magoti, akawa anasalimia amesimama. Mara nyingi akiinama, moyo ulianza ghafla kwenda mbio, kama mtu amewasha mashine ya kusaga kifuani, ukaja kutulia ghafla vilevile. Alikuwa na miaka ishirini na minne.

Mama mkwe wake, Devota, hakuuliza sababu. Alisema, "Huyu wa kidato cha nne magoti yake yana bei," akaacha kuitikia shikamoo yake, akaacha na kula chakula chake. Mumewe, Remmy, alikuwa machimboni, kwenye simu alisema tu, "Mvumilie mama." Kunegunda akahamia mjini, akapanga chumba Mfaranyaki, akawa anashona sare za shule peke yake.

Alikwenda hospitali kupima moyo mara tatu. Kila akifika moyo umeshatulia, kipimo kinatoka safi, anaambiwa ni wasiwasi, apunguze mawazo. Sisi watu wazima tunawaambia vijana hivyo kwa sababu ni rahisi kuliko kuwasikiliza.

Mara ya nne alimkuta daktari mtu mzima, Amedeus, aliyemuuliza, "Ukianza kwenda mbio, unakuwa unafanya nini?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Naona aibu kusema, dokta. Nikipiga magoti."

Akambandika nyaya za kipimo cha moyo kifuani. "Haya, nisalimie kama mkweo."

"Wewe si mkwe wangu."

"Leo nimekuwa. Nyaya tu usizing'oe."

Alipiga magoti mara mbili, moyo ukabaki shwari. Mara ya tatu moyo ukafyatuka, na karatasi ikatoka imejaa mistari iliyobanana: mapigo mia na tisini kwa dakika. Daktari akamwambia abane pumzi na kujikaza. Ukatulia.

"Si wasiwasi," alisema. "Ni hitilafu kwenye njia za umeme wa moyo. Ina tiba."

Jumapili akaipeleka karatasi Maposeni. Devota alikuwa anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, mama." Akaeleza yote akiwa amesimama.

Devota aliitazama karatasi. "Mistari hii ndiyo inakuzuia?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi magoti yananiuma mwaka wa kumi, na kanisani napiga." Akamrudishia.

Kuitikia salamu hakumpunguzii mtu mzima chochote. Kunegunda alirudia, "Shikamoo, mama." Devota akaendelea kupukuchua, punje zikidondoka kwenye ungo. Kunegunda akaikunja karatasi, akatoka kwenda barabarani kutafuta bodaboda.