Miguu Haikufika Chini

Afadhali habari hii mnisikie nikiisema mwenyewe kuliko muipate kutoka Githongo, kwa sababu kule Githongo wanaongeza chumvi, wanasema nililia, na mimi sikulia. Nilianguka, ndiyo, siwezi kukataa, nilianguka na pikipiki yangu mbele ya shule nzima ya wasichana, siku ambayo nilikuwa nimealikwa kuwaambia kwamba mwanamke anaweza, na hiyo aibu hunirudia hata nikiwa nakamua ng'ombe saa kumi na mbili asubuhi, naacha kukamua, nafunga macho, ng'ombe anageuka kuniangalia.

Mnanijua, mimi ni Wawira, afisa wa kilimo, nakaa Runyenjes, na wakulima wangu wametawanyika hadi Karurumo na juu huko kwenye majani chai. Miaka yote hiyo nimekuwa nikibebwa na boda boda, nimepakata mifuko ya udongo wa kupima, halafu kijana wa boda ananiuliza kama naenda kupanda maua. Nikasema basi, nitanunua yangu ya kwenda kazini, na Jumamosi nikipata nafasi nipande nayo nielekee Meru polepole, nione ile barabara bila kuchungulia juu ya bega la mtu.

Na sikukurupuka! Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Miezi mitatu nilichagua. Nilikwenda kwa Njiru, fundi wa pikipiki pale Runyenjes (ndiye aliyenifundisha kuendesha, kwa pikipiki yake ya chini, kwenye uwanja wa shule ya msingi), nikamuuliza kama ninavyomuuliza mkulima kuhusu ndama. Njiru akaniambia, "Madam, ya kwanza chukua ile spea zake zinauzwa hata Karurumo. Isile mafuta. Iwe na kiti cha chini na keria ya kubebea vitu vyako. Meru itakufikisha, haina haraka lakini inafika." Nikaandika yote kwenye daftari. Nikachagua moja ndogo nyekundu, nikaijua mpaka upana wa tairi. Kazi ilikuwa imebaki kwenda Embu kuichukua tu.

Sasa kosa la kwanza ni kwamba nilikubali kaka yangu Nyaga anisindikize. Nyaga ni mkubwa wangu, hajawahi kuendesha hata baiskeli ikafika mbali, lakini alisema, "Huwezi kwenda kununua chombo kama hicho peke yako, watakuchezea." Tukaingia dukani, na yule muuzaji, kijana wa shati limepigwa pasi mpaka linakata, akanipita mimi kama mlango, akampa Nyaga mkono.

"Mzee, karibu. Unatafuta ya kazi ama ya mama?"

"Ni yake," Nyaga akasema, "lakini ongea na mimi."

Ongea na mimi! Daftari liko kwangu! Nikasema nataka kuangalia ile ndogo nyekundu, na muuzaji akatabasamu, bado anamwangalia Nyaga. "Hiyo ni sawa kabisa, mzee. Hiyo ni ya wamama, haina makali, hawezi kujiumiza nayo. Hii nyeusi ndiyo mashine sasa." Akapigapiga kiti cha pikipiki moja ndefu, imesimama kama farasi, tairi za kupanda mlima. "Lakini hii mama hawezi."

Na Nyaga akacheka. "Huyu? Hiyo itaenda na yeye mpaka Isiolo kabla hajajua breki iko wapi."

Jamani, damu ilinipanda mpaka masikioni. Hebu nielezeni, kama mngekuwa ninyi mngefanya nini? Ile nyekundu, ambayo nilikuwa nimeichagua mwenyewe kwa akili zangu timamu, ghafla ikawa ya wamama, na mimi nikaona nikiichukua nitakuwa nimekubali kila neno walilosema. Nikanyoosha kidole.

"Nataka hiyo nyeusi."

Wakaishika pande mbili nikapanda. Mguu wa kulia ukaning'inia. Wa kushoto, nikiinama sana, kidole gumba kikagusa sakafu kama mtu anayejaribu maji ya kuoga. Nilijua papo hapo. Niliambiwa na mwili wangu wote. Lakini muuzaji akasema, "Umeona? Inakubali! Na hicho kiti kitashuka ukikizoea." Kitashuka! Kiti cha pikipiki kitashukaje, kwani ni keki? Na mimi, mtu mzima, nikaitikia kwa kichwa kama nimeelewa, nikalipa.

Nisiisingizie pikipiki yenyewe. Ikiwa inatembea ilikuwa tamu, haichoki, inapanda mlima kama imetumwa. Shida ilikuwa kusimama. Kusimama nilihitaji kitu cha juu cha kuweka mguu wa kushoto, kwa hivyo nikaanza kuijua dunia upya: nilijua kila kalvati ya kuvukia mtaro kutoka Runyenjes hadi Karurumo, kila jiwe, kila baraza la duka lenye kimo kizuri. Kwenye kituo cha mafuta nilikanyaga ile saruji ya pampu. Kwa wakulima nilitafuta ukuta wa zizi, halafu mama wa watu anatoka jikoni ananikuta nimesimama kando ya ng'ombe nimevaa helmeti, nasalimia. Vijana wa boda pale stage wakanipa jina, Madam Kalvati, na sitawalaumu, wao angalau wakiniona naja walikuwa wakiondoa pikipiki zao kwenye ukingo ili nipate pa kukanyaga.

Ningeiuza. Lakini kila Jumapili tukitoka kanisani Nyaga ananiuliza mbele ya watu, "Mashine inaendaje?" na mimi najibu, "Vizuri sana." Basi ningeiuza vipi?

Ndipo akapiga simu Kendi. Kendi tulisoma naye chuo, ni Mmeru, anafundisha shule ya wasichana ya bweni karibu na Githongo. Alisema wana siku ya kuwaongoza wanafunzi kuhusu kazi, na amenipendekeza mimi, afisa anayezunguka mashambani kwa pikipiki yake. "Wawira, usiniangushe," akaniambia. "Naibu wa mwalimu mkuu, Bwana Mwenda, alisema mbele ya walimu wote kwamba tunawaletea wasichana sarakasi. Nimebishana naye mpaka nikasimama. Njoo na hiyo pikipiki, wakuone ukiingia nayo."

Ningeweza kumwambia ukweli hapo. Neno moja tu. Nikasema, "Nitaingia nayo."

Safari yenyewe siwezi kuijutia. Nilitoka Runyenjes Jumamosi asubuhi na ubaridi wake, nikapita Chuka, kona zile za kushuka mtoni na kupanda tena, migomba pande zote, hewa inaingia kwenye mikono ya koti, nikaimba ndani ya helmeti nyimbo zote za kwaya ninazojua, sauti ya kwanza na ya pili. Nkubu nilipumzika (kuna kalvati nzuri sana pale). Nilipopanda kuelekea Githongo, mibuni imejaa buni mbivu nyekundu, nilijiambia haki ya Mungu, hata kama kiti hakikushuka, pengine mimi nimepanda.

Halafu nikaliona geti la shule.

Askari wa geti, mzee mmoja aliyekuwa amevaa sare iliyofuliwa kwa ajili yangu, alikuwa amelifunga kusudi ili anifungulie kwa heshima. Nikapunguza mwendo, nikaangalia kushoto, kulia, hakuna hata tofali. Nikapiga honi. Akapiga saluti. Nikapiga tena, ndefu, naye akadhani ni shangwe, akaongeza saluti na mguu chini, pa! Ilikuwa imebaki kidogo nilibusu lile geti ndipo akalivuta, na nikapita nikimsikia akiniita, "Karibu sana madam, karibu!"

Ndani sasa. Wasichana wamepangwa mistari miwili, njia yote, wanaimba na kupiga makofi, walimu wamesimama mbele ya ofisi, na katikati ya uwanja mlingoti wa bendera umezungukwa na maua. Kila kitu tambarare. Shule safi ajabu, imefagiliwa mpaka mawe yameisha! Mwalimu mkuu, mama mmoja mpole, alikuwa amenyoosha mkono kunisalimia, na mimi nikampita mkono wake ukiwa hewani.

"Narudi!" nikamwambia.

Nikazunguka bendera. Wasichana wakadhani hayo ndiyo maonyesho yenyewe, wakashangilia, wengine wakaruka. Mzunguko wa pili nikamwona Kendi anacheka kwa furaha, anamwangalia Bwana Mwenda kama mtu aliyeshinda kesi, na mimi nikapaza sauti ndani ya helmeti, "Leteni jiwe! Kendi! Leteni jiwe!"

"Anasema nini?" Kendi akauliza.

"Nadhani anataka chai," mwalimu mmoja akajibu. Akanipungia mkono. "Iko tayari, madam! Iko tayari!"

Mzunguko wa tatu ndipo nikayaona. Kando ya yale maua ya bendera kulikuwa na mawe madogo yaliyopakwa chokaa, yamepangwa mviringo. Si marefu, lakini ningefanya nini, nizunguke mpaka mafuta yaishe? Nikalenga jiwe moja, nikashika klachi, nikafunga breki, nikashusha mguu wa kushoto taratibu kabisa, na mguu ukafika. Kwa nusu dakika hivi (najua ilikuwa chini ya hapo, lakini mimi niliishi humo nusu dakika) nilikuwa nimesimama kama malkia. Halafu lile jiwe likabiringika.

Pikipiki ile haikuanguka kwa haraka, laiti ingekuwa hivyo. Ilianguka polepole kama mtu anayelala, na mimi nayo, tukaingia pamoja kwenye maua ambayo, kwa heshima ya mgeni, yalikuwa yamemwagiliwa maji asubuhi hiyo. Wimbo ukakatika. Nikasikia sauti moja nyembamba, "Woooi!" halafu shule yote ikapasuka kicheko.

Sikuumia, niandikieni hapo, sikuumia popote ila goti kidogo. Kendi alikuja mbio ananipangusa matope kwa kitambaa chake. Na nyuma yake akaja Bwana Mwenda, mikono mfukoni, akasema kwa sauti ya kusikika na walimu wote: "Hizi mashine zinahitaji nguvu, madam. Si ungekuja na bwana wako akakuendesha?"

Nguvu! Nimeiendesha kutoka Runyenjes! Kona zote zile! Nilifungua mdomo kumjibu na matope yakaingia. Akajitolea kuisimamisha mwenyewe, akaiinua, ikamwegemea, akatafuta stendi kwa mguu asiipate, akaanza kurudi kinyumenyume nayo hadi walimu watatu wakamkimbilia, na wasichana wakashangilia tena, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Niliongea ukumbini, sketi yangu ina matope hadi kiunoni. Niliongea juu ya udongo, kahawa, wakulima, kila kitu isipokuwa kile walichotaka kusikia. Mwishowe mwalimu mkuu akauliza kama kuna maswali, na msichana mmoja wa kidato cha pili akasimama katikati. Hakuwa anacheka.

"Madam, miguu yako haifiki chini. Kwa nini ulinunua hiyo?"

Bwana Mwenda akajiegemeza ukutani, tayari. Kendi akaangalia mapaja yake. Nilikuwa na uongo aina tatu mdomoni, mzuri kabisa, nikauangalia uso wa yule mtoto nikaona sitaweza.

"Kwa sababu nilikasirika," nikamwambia. "Nilikuwa nimechagua nyingine, ndogo, inayonifaa. Halafu mwanamume dukani akasema hiyo ni ya wanawake na hii kubwa siwezi. Kaka yangu akacheka. Nikachukua hii ili wanyamaze."

"Na wakanyamaza?"

"Hapana."

Msichana akasema, "Kwa hivyo walikuchagulia wao," akakaa chini. Na mimi nikamrudishia mwalimu mkuu maiki, kwa sababu miezi yote ile nilikuwa nikifikiri ile pikipiki ni ushahidi wa ubishi wangu, kumbe hata siku moja haikuwa chaguo langu.

Wakati wa kuondoka walileta benchi kutoka bwalo la chakula, wasichana wanne wakalishika, nikapanda kutoka hapo. Kendi akanisindikiza hadi getini kwa miguu, akaniambia, "Hujaniangusha, sikia. Hilo swali halikuwa kwenye ratiba yoyote." Sijui kama alikuwa ananifariji tu.

Wiki iliyofuata niliiuza kwa mwalimu mmoja mrefu wa Embu, akapanda ikamkaa kama suruali, nikaona wivu. Nikaenda duka lingine, peke yangu, na daftari langu. Nikakaa juu ya ndogo nyekundu, nikaweka nyayo zote mbili chini, nikakaa hapo muda mrefu mpaka muuzaji akaniuliza kama ninaumwa. Naenda nayo Karurumo kila siku, na nimeshaenda Meru mara mbili, nikisimama popote ninapotaka, hata katikati ya barabara kama hakuna gari.

Nyaga aliponiona nayo akasema, "Si nilikuambia?" Hapana, hakuniambia, alicheka, ni vitu viwili tofauti, na nimemweleza hivyo mbele ya mama yetu. Bado nimemkasirikia, na yule kijana wa dukani nimemkasirikia zaidi, na sina mpango wa kupoa hivi karibuni. Lakini nimeapa, na ninyi ni mashahidi: nitakasirika nikiwa nimekaa nyumbani, na chai yangu mkononi, na siku nikienda kununua kitu, hasira nitaiacha huko, kwa sababu sitamruhusu tena mtu anayenidharau anichagulie chochote, hata kwa kumpinga.